Jumamosi Tulizomnyamazia Mzee wa Karema

Katika chama chetu cha redio mimi nilikuwa katibu, na kazi kubwa ya katibu ilikuwa kuandika habari. Kila mwisho wa mwezi nilikaa kwenye taipureta ya shule, nikapiga chapa ukurasa mmoja wenye kichwa "Habari za Chama," na kwa karatasi za kaboni nikapata nakala sita. Moja tuliibandika kwenye mlango wa duka la mwenyekiti wetu, pale Kashaulili mjini Mpanda, karibu na soko. Nyingine waligawana wanachama. Wanachama wenyewe tulikuwa wanne, kwa hiyo nakala moja ilibaki kila mwezi, nami niliitunza kwenye bahasha bila kujua namtunzia nani.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado kijana, nimepanga chumba Kawajense. Jirani yangu alikuwa muuguzi wa hospitalini, mama wa Kifipa mwenye maneno machache, na ndiye aliyenipeleka chamani. Aliniambia, "Njoo Jumamosi usikie watu wanavyoongea bila waya." Nikaenda kwa udadisi tu, nikabaki miaka minne.

Mwenyekiti wetu alikuwa fundi redio, Mkonongo wa miaka hamsini hivi, aliyejifunzia kazi jeshini. Kati yetu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na leseni ya kurusha sauti hewani. Leseni ile haikuwa ya biashara wala ya siasa. Ilikuwa ya watu wanaopenda redio, waongee na wenzao wanaopenda redio, basi. Sisi wengine tuliruhusiwa kusema yeye akiwa ameketi kando. Mashine aliachiwa na padri mmoja mzungu aliyerudi kwao uzeeni: boksi la kijivu, zito kama gunia la mahindi mabichi, lililokaa juu ya meza ya mninga katika chumba cha nyuma cha duka. Waya wa antena ulitokea dirishani ukapanda mpaka kwenye mkaratusi wa jirani. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, na betri ilichajiwa kwenye mashine ya kusaga ya Makanyagio.

Aliyeibeba betri kwa baiskeli, kwenda na kurudi, alikuwa mwanachama wetu wa nne, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Huyu aliingia chamani kwa namna yake. Alikuja dukani kutengenezewa redio yake ndogo, akasikia kutoka chumba cha nyuma mwenyekiti akiongea na mtu, na mtu yule anajibu. Akasogea mlangoni.

"Huyo anakujibu wewe?"

"Ananijibu mimi."

"Mimi ya kwangu naisemesha miaka yote, haijanijibu hata siku moja."

Akajiandikisha siku hiyo hiyo.

Mtaani walisema sisi ni majasusi. Siku moja ofisa mmoja alikuja kutuchunguza. Akakaa kwenye benchi nusu saa nzima, akamsikiliza mwenyekiti akimuuliza mtu wa nchi ya mbali kama huko mvua zimeanza. Akaondoka amevunjika moyo. "Yaani nyie mnaongelea mvua tu?"

Kwa kweli tuliongelea mvua tu. Na mtu tuliyeongea naye mvua kuliko wote alikuwa Mzee wa Karema.

Karema ni kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka Mpanda, kwa barabara ya wakati ule, ilikuwa safari ya siku mbili kama lori halijakwama. Mzee huyu alikuwa opereta wa redio melini kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao, akafunga mtambo wake chumbani na paneli ya jua juu ya bati. Kila Jumamosi saa kumi alasiri alikuwa pale. Hakuchelewa hata dakika moja. Kwanza unasikia mkwaruzo, halafu sauti yake, ya taratibu, kila neno limekatwa vizuri kama mtu anayepanga sahani: "Mpanda, Mpanda, hapa Karema. Mnanipata? Ova."

"Ova" ni neno la redioni: nimemaliza, zamu yako. Alitueleza ziwa limeamkaje, upepo umetoka wapi, dagaa wametoka au wamegoma. Alimfundisha mfugaji wetu kuhesabu herufi kwa milio mifupi na mirefu, na mfugaji akawa anazipiga kwa ulimi akipanda baiskeli. Mimi aliniita binti yangu. Nilipofiwa na shangazi alisoma sala nzima hewani, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema "Ova," na sisi wote tukacheka na mimi nikiwa na machozi.

Hatukuwahi kuonana naye. Ndiyo maana kila Jumamosi, tukiagana, mmoja wetu alisema, "Karibu Mpanda, mzee. Tunafanya mkutano, njoo siku moja tuonane." Naye akajibu, "Nitakuja, wanangu, Mungu akipenda." Lilikuwa neno la adabu tu. Mswahili gani anaagana na mtu bila kumkaribisha?

Sikumbuki Jumamosi gani hasa ilianza. Nakumbuka alitupa kisa cha mamba aliyeonekana pale wanawake wanapofulia, kisa kirefu na cha kuchekesha. Jumamosi iliyofuata akatupa kisa kile kile, kwa maneno yale yale, hata kukohoa akakohoa mahali pale pale. Tukacheka tena kwa heshima. Jumamosi ya tatu akamuuliza muuguzi mama yake anaendeleaje. Mama yake muuguzi alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na mzee mwenyewe ndiye aliyempa pole kuliko sisi wote tuliokuwa naye chumba kimoja. Muuguzi alishika kipaza sauti akakaa nacho.

"Anaendelea vizuri, mzee," akasema. "Ova."

Halafu ikaja Jumamosi ya meli. Mkwaruzo ulipotulia, sauti yake ilikuwa ya kijana. Ilikuwa kali, ya kikazi. Akasema yuko melini, wamebakiza saa mbili kuingia bandarini, upepo wa kusini, mawimbi ya wastani, kuna abiria mmoja mgonjwa, naomba machela gatini. Ova. Tukaangaliana. Mwenyekiti alikaa wima, akabonyeza kitufe, akamjibu kama bandari: ujumbe umepokelewa, machela itakuwepo. Mzee akashukuru akafunga.

Mimi na mfugaji tuliangua kicheko. Muuguzi hakucheka. Alisema, "Nimeuguza wazee wa namna hii. Huyo hatanii."

Sikumsikiliza. Mwezi ule, kwenye Habari za Chama, niliandika kichekesho: kwamba rafiki yetu wa ziwani amerudi kazini, ameomba machela, na chama kinawatangazia wakazi wote wa Mpanda kwamba meli itatia nanga stesheni ya treni muda wowote. Watu wakasoma pale mlangoni, wakacheka, wakaitana. Mwingine alikuja kuniuliza meli imefika. Nilifurahi kwamba hatimaye kuna mtu anasoma habari zangu. Karatasi ile bado ninayo, na sijawahi kuisoma tena mpaka mwisho.

Baada ya hapo mzee aliharibika haraka. Jumamosi nyingine alikuwa yeye, nyingine alikuwa melini, nyingine alipotea katikati ya sentensi, tukabaki tunasikia anavyopumua, kitufe kimebanwa, hajui aseme nini. Tulituma barua kwa mkono wa dereva wa lori la dagaa, tukiandika "kwa familia." Halikuja jibu. Shule ilipofungwa, muuguzi akaomba ruhusa ya siku chache kazini, tukapanda lori hilo hilo mimi na yeye, juu ya magunia matupu yaliyonuka samaki, tukaenda.

Tulifika siku ya pili mchana, tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Nyumba tulioneshwa na mtu wa kwanza tuliyemuuliza. Aliyetupokea alikuwa mke wa mwanawe, mwanamke mrefu aliyekuwa anaanua nguo. Mumewe alikuwa ziwani kwa uvuvi. Tulipojitambulisha kwamba tumetoka Mpanda, kwenye chama cha redio, mikono yake ilisimama kwenye kamba.

"Nyie ndio mnaomwita?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyetafuta kitu muda mrefu akakikuta mahali pa ajabu.

Mzee alikuwa ameketi barazani, amenyoa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Tukampigia magoti, tukamwamkia, akaitikia vizuri sana, akatuuliza tumetoka wapi.

"Mpanda, mzee."

"Mpanda!" Uso wote ukafunguka. "Mna bahati. Mimi nina watu wangu huko. Kesho naondoka, nimeitwa mkutanoni."

Nikamwambia, "Mzee, ndio sisi. Mimi ni binti yako wa redioni. Katibu."

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa mtu anayesema uongo mbele za wageni. "Binti yangu wa redioni yuko Mpanda," akasema. "Kesho nitamwona."

Kando ya kiti chake kulikuwa na mfuko wa turubai. Mkwe alituonesha vilivyomo baadaye, tulipokuwa jikoni: shati moja safi, vidude vya kusikilizia vya kuvaa masikioni, na kitambaa alichofungia sabuni. Alisema mfuko ule huupanga kila Jumamosi. Akimaliza kuongea na sisi, anauchukua anatoka. Mara ya kwanza walimkuta nje kidogo ya kijiji, wakadhani ametembea tu. Mara ya pili alifika mashambani. Mara ya tatu walimtafuta siku nzima, wakaletewa na warina asali waliomkuta mlimani, anapanda, viatu ameshika mkononi. Nyati wapo huko. Simba wapo.

"Tukimuuliza unakwenda wapi, anasema Mpanda, wamenikaribisha," mkwe akasema. "Kila wiki mnamkaribisha."

Muuguzi akamuuliza, "Hamkufikiria kuutoa ule mtambo?"

"Tuliutoa. Alikaa siku nne hali chakula, anapapasa meza. Mume wangu akaurudisha mwenyewe, analia." Alipuliza moto, akaupunga moshi pembeni kwa mkono mmoja. "Wewe dada ni muuguzi. Kuna dawa?"

"Hakuna," muuguzi akasema. "Ningetaka kukudanganya ningesema ipo."

"Basi naomba kitu kimoja. Yeye mwacheni aongee. Ila nyie msimjibu."

Nilisema haraka, kwa kuwa nilidhani nimepata suluhisho, "Tutamjibu tu bila kumkaribisha. Hatutataja mkutano wala Mpanda."

"Mwalimu, mkimjibu anajua mpo. Akijua mpo, anakuja."

Tulilala pale, tukala samaki waliotoka ziwani siku hiyo, asubuhi tukaaga. Mzee alitusindikiza hatua kumi, akatuomba tuwafikishie salamu watu wa chama, hasa katibu.

Mpanda tuliitisha mkutano siku hiyo hiyo tuliyorudi. Muuguzi alieleza yote. Mfugaji alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema kwao mzee akikuita hunyamazi, hata kama umekosana naye, hata kama ni kichaa, unaitika kwanza ndipo unajua la kufanya. "Kumnyamazia mzee ni kujitafutia laana," akasema. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Laana tutaigawana wanne. Akiliwa na simba atakuwa mmoja." Hapo hatukupiga kura. Tulinyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukawa ndio makubaliano.

Mtu anaweza kusema tungezima tu mashine, tukaenda zetu. Tulijadili hilo pia. Lakini muuguzi alisema kama hatusikilizi hatutajua lini ameugua zaidi, na mwenyekiti akasema mtu asisemee hewani peke yake kabisa, angalau awepo wa kumsikia. Kwa hiyo Jumamosi saa kumi kasoro tulikuwa pale, kila mmoja kwenye nafasi yake, kipaza sauti kimetundikwa kwenye ndoano yake.

"Mpanda, Mpanda, hapa Karema. Mnanipata? Ova."

Mkwaruzo.

"Mpanda, hapa Karema. Siwapati. Ova."

Aliita mara nane. Nilizihesabu kwa vidole chini ya meza. Kisha akanyamaza, nasi tukadhani ameacha. Kumbe alikuwa anafikiri. Aliporudi, sauti ilikuwa yake ya zamani, ile ya kupanga sahani, timamu kabisa.

"Mpanda, nadhani nyie mnanisikia ila sauti yenu haitoki. Msiogope. Hilo ni tatizo dogo. Mwambieni mwenyekiti aangalie kwanza kiungo cha waya wa antena pale unapoingia dirishani. Mvua huwa inakula shaba. Aikwangue kwa kisu mpaka ing'ae. Nitawasubiri."

Akatusubiri. Tulisikia hewa tupu kwa dakika tano hivi, muda wa mtu kukwangua waya. Kisha akaita tena.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa Jumamosi zetu. Yeye hakuona kwamba tumemtupa. Aliona tumeharibikiwa, na akajipa kazi ya kututengeneza. Jumamosi ya pili ilikuwa betri: tupime maji ya betri, tusafishe vichwa vyake na maji ya moto. Mfugaji aliyekuwa anaibeba betri ile kila wiki alitoka nje akaenda kusimama barabarani. Mwenyekiti aliketi amebana mikono katikati ya magoti, fundi mwenye miaka thelathini kazini, akifundishwa kukwangua waya, na kila mzee aliposema "Mnanipata?" aliitikia kwa kichwa.

Muuguzi baada ya Jumamosi hiyo alijipangia zamu za Jumamosi mchana hospitalini, hakuja tena.

Jumamosi ya tatu mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mwenyekiti aliitwa mbele dukani na mteja, nikabaki mimi mezani na mfugaji kwenye kizingiti. Mzee aliita kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakutoa maelekezo yoyote siku hiyo. Alikuwa amechoka.

"Wanangu," akasema, "nimewaambia yote ninayojua. Sijui kingine cha kuwaambia. Binti yangu, kama upo, kohoa tu. Sema lolote. Ova."

Kipaza sauti kilikuwa kwenye ndoano. Sikuamua. Nimejiuliza miaka mingi kama niliamua, na jibu linakuja hilo hilo. Nilikichukua, kidole kikabonyeza kitufe, na nilipokumbuka ahadi kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Sikusema neno. Nilivuta pumzi tu, ya mtu anayezuia kilio, kisha nikaachia.

"Kuna mtu!" Sauti ilipanda. "Kuna mtu hapo, nasikia anapumua. Anapumua vibaya. Binti yangu, mna shida? Mna mgonjwa? Ova."

Nilimtazama mfugaji. Alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Basi subirini hapo hapo," mzee akasema. "Msitoke. Nakuja."

Nilibonyeza tena, sasa kwa makusudi, nikapiga kelele. "Mzee, usije! Mzee, hatuna shida, usije! Kaa nyumbani!" Niliachia kitufe nikasikiliza. Mkwaruzo. Mwenyekiti alikuja mbio kutoka mbele, hakuniuliza, alinipokonya akaita yeye, kwa sauti ya bandari, kwa sauti ya ndugu, kwa kila sauti aliyokuwa nayo. Aliita mpaka taa ya mashine ikaanza kufifia, betri imekwisha. Hakukuwa na mtu upande wa pili. Alikuwa ameshavua vile vya masikioni. Alikuwa ameshachukua mfuko.

Sijui kama naweza kueleza jinsi ilivyokuwa. Kulikuwa na mashine mbele yetu ambayo wiki moja kabla ilizungumza na mtu wa bara jingine kabisa, na hatukuwa na njia ya kumwambia mwanamke mmoja wa Karema atoke jikoni ashike mlango. Palikuwa na ofisi moja mjini yenye redio ya kuitana na kijiji kile. Tulikimbilia huko kwenye mvua, mimi nimebeba viatu. Mlinzi alisema imefungwa, inafunguliwa Jumatatu asubuhi, na mwenye ufunguo amesafiri. Tukaenda stendi ya malori. Malori yalikuwa yamelala kwa sababu ya matope. Dereva mmoja alitusikiliza, akasikitika kweli, akasema hata angetaka, mlima ule kwa mvua hii haupandiki.

Jumapili alfajiri mfugaji aliondoka kwa baiskeli. Hakumwambia mtu. Mkewe ndiye aliyekuja kutueleza.

Mimi siku zile nilifundisha. Niliandika hesabu ubaoni, nikafuta, nikaandika. Jumatatu ile ofisi ilipofunguliwa tulituma ujumbe, tukajibiwa kwamba umepokelewa na utafikishwa. Hatukupata kingine. Alhamisi mchana mfugaji alitokea shuleni kwangu, matope mpaka kiunoni, baiskeli ameisukuma sehemu kubwa ya njia.

"Yupo," akasema kabla hajanisalimia. "Yupo, mwalimu, anapumua."

Mzee alikuwa ametoka Jumamosi ile ile, mvua ikinyesha, mkwe akiwa kwa jirani. Hawakuona nyayo kwa sababu ya maji. Walimpata Jumapili jioni kando ya kijito, amekaa ameegemea jiwe, mwili wote umelowa, vile vya kusikilizia vimening'inia shingoni. Hakuwa amejeruhiwa. Walimbeba kwa machela mpaka zahanati. Alikuwa na kichomi.

"Uliongea naye?"

"Alinishika mkono. Akaniuliza kama wewe umepata nafuu."

Alikwenda kisimani akanawa uso, akarudi. Kulikuwa na jambo jingine. Nililiona katika namna alivyokuwa anapangusa mikono muda mrefu kuliko maji yaliyokuwepo.

"Yule mkwe aliniuliza," akasema. "Aliniuliza mbele ya watu, je, mlimjibu? Nikamwambia tulimjibu. Akauliza nani. Nikamwambia mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe umelala kwake, umekula kwake. Mimi hanijui." Akapanda baiskeli. "Na mimi ndiye niliyesema tusinyamaze. Kwa hiyo si uongo sana."

Mzee aliishi wiki tatu. Hakuurudia mtambo. Barua ililetwa na dereva wa dagaa, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ikisema baba alipumzika alfajiri bila maumivu, na kwamba mashine yake ameiomba shemeji yao wa Ikola. Niliandika tanzia katika Habari za Chama. Niliandika alikuwa nani, alifundisha nini, alikuwa hachelewi. Nilipofika kwenye sababu ya kifo niliandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Mwenyekiti alisoma, akaibandika mwenyewe.

Chama hakikufa siku hiyo. Kiliendelea kiuvivu mwaka mmoja na kitu. Muuguzi alihamishiwa Sumbawanga. Mfugaji alifuata malisho, akahamisha ng'ombe wake kuelekea bonde la Rukwa, na salamu zake zikawa zinakuja mara moja kwa mwaka, kisha hazikuja. Mwenyekiti alizeeka akafunga duka.

Mkwe wa mzee alinikumbuka. Kila msimu wa dagaa, kwa miaka mingi, mfanyabiashara mmoja wa Karema alikuwa akinisimamisha sokoni na kunipa kifurushi kilichofungwa kwa khanga kuukuu, migebuka wakavu, samaki wa ziwani, na dagaa waliopembuliwa vizuri. Mara ya kwanza alinipa na maneno. Alisema, "Mama kasema hii ni ya mwalimu na yule muuguzi, kwa kuwa walifunga safari wakaja kumwona baba. Kasema yule mfugaji asipewe."

Ningeweza kumwambia pale pale. Mtu alikuwa amesimama mbele yangu, anarudi Karema kesho yake, ana mdomo wa kufikisha maneno. Nilimuuliza mama hajambo, watoto hawajambo. Akasema hawajambo.

Nikakipokea kifurushi kwa mikono miwili, nikamwambia afikishe shukrani.